Msumeno wa umeme nyumbani: cheni inatoa moshi, waya wa mita 50, na mshelisheli ulioanguka uani

Waalaykumu salaam. Ndugu uliyeuliza kutoka Fuoni, Unguja, nimeona nikujibu kwa urefu kidogo, maana swali lako moja lina maswali matano ndani yake. Kwa wale ambao hawakulisoma: mwenzetu kaletewa na kaka yake msumeno wa umeme wa cheni, wati 2000, bamba la inchi 16 (bamba ni lile chuma refu ambalo cheni inalizunguka). Mshelisheli wa uani kwake umeangushwa na upepo wa masika, na kuna tawi la mwembe limelalia bati. Kachomeka kwa waya wa kuongezea wa mita 50 aliokuwa nao ndani, kakata dakika chache, cheni ikaanza kutoa moshi kisha ikachomoka njiani mwake. Jirani kamshauri atie oili chafu ya gari. Sasa anauliza kama chombo hiki kinamfaa mtu wa nyumbani au akiuze.

Mie ni seremala, niko Pemba upande wa Wete, na msumeno wa aina hiyo ninao karakanani kwa kukatia magogo mafupi na mbao nene kabla hazijaenda kwenye randa. Wa petroli, ule tunaouita msumeno wa moto, nimeushika pia kwenye kazi za watu. Jibu langu: usikiuze. Kwa gogo la uani wa umeme ni bora kuliko wa moto. Ni mwepesi, hauna moshi wa petroli wala ule mvutano wa kamba kila unapotaka kuuwasha. Lakini huo wako kwa hali uliyoieleza usiuwashe tena mpaka umalize kusoma hapa.

Ukitazama vizuri, moshi, cheni kuchomoka na ule waya mrefu vyote vinakwenda pamoja. Msumeno wako umekosa nguvu na ukali wa kukata wenyewe, na wewe ukaanza kuusukuma. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mwili unaegemea mbele, mikono inachoka, mti unakatika ghafla, na cheni inakuja ilipo miguu. Msumeno uliokaa sawa hausukumwi. Unaulaza juu ya gogo, unashuka kwa uzito wake, kazi ya mikono yako ni kuuongoza tu. Ukiona unatumia nguvu, simama, chomoa plagi, tafuta kilichoharibika. Mengi ya matunzo nitakayoyataja hapa chini ni kwa ajili hiyo tu.

Kabla ya fundi, sheha, yaani kiongozi wa mtaa wako. Mti uliokwishaanguka uani mwako haukutii matatani, lakini mlio wa cheni hapa visiwani unawafanya watu wa misitu wageuze shingo, na si kosa lao ukikumbuka miti iliyokwisha kwa misumeno ya moto. Ukataji wa miti kwetu unasimamiwa na sheria ya misitu namba 10 ya 1996, na mti uliosimama unataka kibali. Mkarafuu ndio usiuguse kabisa bila ya ruhusa, kwani huo una na sheria yake ya 2014. Nenda kwa sheha, mwambie una msumeno wa umeme na mti ulioanguka unataka kuukata vipande. Jirani akilalamika baadaye, sheha ana habari.

Sasa umeme wenyewe. Geuza msumeno usome kibandiko chake. Panatakiwa pawe na volti 220 hadi 240, hezi 50. Vyombo vya mtumba vinavyoshuka bandarini vinatoka kila pembe ya dunia: vya Japani ni vya volti 100, vya Marekani 120, na vile vya wajenzi wa Uingereza vyenye plagi ya duara ya manjano ni vya volti 110. Mtu anakata plagi ile, anafunga ya pini tatu bapa za kwetu, anachomeka ukutani, na mota haimalizi gogo la kwanza. Huo wako kama unaandika 230, hilo limekwisha.

Waya wa mita 50 ndio ninaoushuku zaidi. Wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampia 9. Hukutaja unene wake, lakini nyaya nyingi za kuongezea zinazouzwa kwa ajili ya TV na feni zina shaba ya milimita za mraba 0.75, na hizo ni za kubeba ampia 6 hivi. Kwa urefu wa mita 50, waya mwembamba namna hiyo unakula kama volti 20 njiani, na wati zaidi ya 170 zinageuka joto ndani ya waya. Mota inapata umeme pungufu, inazunguka kinyonge, wewe unaona haikati na unaikandamiza, na ukiikandamiza inavuta umeme mwingi zaidi. Ukiwa umeuacha waya umejiviringa kwenye gurudumu lake ndiyo balaa, kwani joto lile halina pa kutokea. Nimewahi kuona gurudumu zima la waya limeyeyuka likawa donge moja, nyumbani kwa watu, kwa kazi ya mchana mmoja tu.

Kwa hiyo: waya wa raba, si ule wa plastiki ngumu unaokatika maungo juani. Ukifika mita 25, milimita 1.5 inatosha. Ukitaka mita 50, chukua 2.5, na uukunjue wote hata kama gogo liko hatua kumi kutoka kwenye soketi. Waya wa 2.5 wa mita 50 nao unapoteza volti, lakini ni kama 6 tu, mota haihisi.

Halafu muulize fundi aliyekufungia umeme kama kwenye boksi lako pana ile swichi inayokata umeme unapovuja, mafundi wanaiita RCD, ya miliampia 30. Breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue, haikulindi wewe. Unaweza ukawa umeshika waya uliokatwa na cheni, umesimama pekupeku juu ya udongo wa masika, na breka ya ampia 20 isijue kitu. Nyumba nyingi za zamani za mjini Ng'ambo na za mashamba hazina swichi hiyo. Zipo ndogo za kuchomeka kwenye soketi, na ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila unapoanza kazi, ikikata ndiyo nzima.

Waya upite nyuma yako, juu ya bega la kulia, usizunguke mbele kabisa. Pale plagi ya msumeno inapokutana na waya wa kuongezea funga fundo jepesi ili usichomoke unapovuta, na kiungo hicho kiweke juu ya tofali, si kwenye majani yenye umande. Mvua ikianza kudondoka, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Na cheni ikikata waya, usiinamie kuuokota. Enda ukutani kwanza, zima, chomoa, ndiyo urudi kuutazama.

Kuna aliyeuliza chini yako kuhusu jenereta. Ile ndogo ya kVA 1 haiuwezi msumeno wa wati 2000, utaizima kila unapobonyeza. Chukua ya kVA 3 au zaidi. Na kwa anayehofia uniti za TUKUZA (umeme wa kulipia kabla): nusu saa ya kukata mfululizo ni uniti moja. Hakuna anayekata nusu saa mfululizo.

Tuje kwenye moshi. Moshi wa cheni kwa kawaida una sababu nne na mara nyingi zinakuja mbili mbili: hakuna oili, cheni ni butu, imekazwa mno, au mfereji wa bamba umejaa uchafu. Chomoa plagi, kisha anza na oili kwa sababu ndiyo rahisi. Jaza tangi, chomeka, elekeza ncha kwenye karatasi la boksi bila ya kuligusa, uache uzunguke kwa muda mfupi. Boksi likipata mstari wa matone ya oili, pampu inafanya kazi. Likibaki kavu, fungua kifuniko cha pembeni, utaona tundu dogo pale bamba linapokaa. Kwa kawaida limezibwa na unga wa mti uliochanganyika na oili ya zamani. Lizibue kwa kijiti au kipande cha waya mwembamba. Tangi la misumeno hii ni dogo, robo lita au chini yake, na wengi wanasahau kwamba inakwisha. Mie nikipumzika kunywa maji, na msumeno nauongeza oili.

Oili chafu ya gari, hapana. Najua kila karakana ina dumu lake na ni ya bure. Lakini ile ina chembe za chuma kutoka kwenye injini, zinakwenda kuisaga pampu na bamba lako. Na cheni haibaki na oili, inairusha. Inaruka kwenye mikono yako, usoni, kwenye mchicha wa uani na maji ya kuku, na oili ya injini iliyokwishatumika ina vitu vinavyoleta saratani vikizoea ngozi. Tafuta oili ya cheni yenyewe, ni nzito na inanata ili isiruke upesi. Ukiikosa kabisa, oili mpya ya injini SAE 30 inasaidia. Mtu kaniuliza siku moja kuhusu mafuta ya nazi, na si wazo baya kama linavyosikika, kwani huko Ulaya wanatumia mafuta ya mimea kwenye cheni. Ila ya nazi yanaganda kwa kiasi cha nyuzi 24. Kila mwenye chupa ya mafuta ya nazi anajua yanavyokuwa asubuhi za Juni na Julai; ndivyo yatakavyokuwa ndani ya pampu yako.

Ukali sasa. Tazama kinachotoka chini ya msumeno. Cheni kali inatoa maranda, vipande vidogo unavyoweza kuvishika kwa vidole. Cheni butu inatoa unga. Unga ukianza kutoka, acha, hata kama bado robo gogo. Na kwetu cheni inakufa kwa sababu moja kubwa kuliko zote: mchanga na mawe. Sehemu nyingi za Unguja ukichimba shubiri unakutana na jiwe la matumbawe, na gogo lililoanguka masika limejipaka udongo upande mzima. Cheni ikigusa mchanga mara moja tu, makali yamekwenda. Kwa hiyo gogo linyanyuliwe juu ya magogo mengine au matofali ya mchanga yaliyofunikwa kipande cha mbao, lipigwe brashi ngumu pale utakapokata, na ule upande wa udongo uondoe gome kwa panga kwanza. Kwa miti iliyokaa karibu na nyumba tazama na misumari. Watu wanagongelea kamba za kuanikia nguo, miaka inapita, mti unaumeza msumari, hauonekani tena.

Kunoa unaweza mwenyewe. Unahitaji tupa ya duara. Kwa cheni nyingi za misumeno midogo, zile za 3/8 nyembamba (hiyo ni hatua ya cheni, yaani nafasi ya pingili zake kwa inchi), tupa ni ya milimita 4, lakini hakikisha kwenye karatasi ya msumeno wako. Chomoa plagi, vaa glavu, bana bamba kwenye jiliwa kama unayo, au kaza kwenye mfereji wa gogo. Kaza cheni kidogo zaidi ya kawaida ili meno yasiyumbe. Tupa inakaa kwenye lile pango la jino, kwa pembe ya nyuzi 30, na mengi ya meno yana mstari mdogo umechorwa juu yake wa kukuonyesha pembe hiyo. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, nyanyua, rudi, sukuma tena. Usiikwaruze kwenda na kurudi, unaua tupa na jino pamoja. Tafuta jino lililochoka kuliko yote, linoe mpaka ling'are, hesabu mipigo uliyoipiga, na meno mengine yote yapate mipigo ile ile. Malizia meno yanayotazama upande mmoja, kisha geuka upande wa pili. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya mwengine, msumeno utakata kwa kupinda, na wewe utaanza kuupindua kwa nguvu ndani ya mti.

Mbele ya kila jino kuna kidundu. Hicho ndicho kinachoamua jino liingie ndani ya mti kiasi gani, na kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Jino likinolewa linapungua, kidundu kinabaki juu, na siku moja una cheni kali kama wembe isiyokata kitu. Kiteremshe kwa tupa bapa, kidogo kidogo, kwa kipimo. Fundi mmoja wa mjini alikuwa akiwateremshia watu vidundu nusu yake ili "uume vizuri". Unauma kweli, na unakurukia. Usikubali.

Mkazo wa cheni: chomoa, legeza nati za kifuniko, nyanyua ncha ya bamba juu na uishike hivyo huku ukigeuza skrubu ya kukazia. Ivute cheni kidogo chini ya bamba katikati, ukiiachia irudi yenyewe ilale kwenye mfereji, kama kamba ya kitanda iliyokazwa vizuri. Ukiwa na glavu uweze kuizungusha kwa mkono. Iliyolegea inachomoka, na ndivyo ilivyokutokea. Iliyokazwa mno inaungua na kula gia. Cheni ikipata moto inarefuka, kwa hivyo itazame tena baada ya mikato michache, hasa ikiwa mpya. Ukimaliza kazi ilegeze, kwa sababu ikipoa inajikunja na kulivuta bamba. Na hakikisha hukuifunga kinyumenyume! Juu ya bamba makali ya meno yanatazama mbele, kwenye ncha. Ikifungwa kinyume inatoa moshi na haikati hata ndizi, na wengi wanaolalamika kwamba msumeno mpya ni mbovu tatizo lao ni hilo.

Kila ukivua cheni, ligeuze bamba juu chini ili lisilike upande mmoja, na ukwangue mfereji wake. Kingo zikiwa na ncha kali za chuma zilizojitokeza, zipige tupa bapa.

Hilo la kukurukia sasa, kwa sababu kwenye ujumbe wako hukulitaja kabisa. Ncha ya bamba, robo yake ya juu, ikigusa mti wakati cheni inazunguka, meno hayana nafasi ya kukata, yanajishika, na bamba zima linaruka juu na nyuma kuelekea shingoni na usoni kwako. Ni haraka kuliko jicho kufumba. Hakuna mwenye mikono ya kulizuia. Unachoweza ni kufanya lisitokee, na likitokea usiwe njiani mwake. Usikate kwa ncha. Kabla hujabonyeza tazama ncha inakwenda wapi, kuna tawi jengine nyuma ya gogo, kuna ukuta. Mikono miwili kila wakati, kidole gumba cha kushoto kipite chini ya mpini wa mbele, mkono wa kushoto unyooke. Simama upande wa kushoto wa msumeno, kichwa kisiwe kwenye mstari wa bamba. Anza kukata ukiwa cheni imeshafikia mwendo wake, na yale meno makubwa ya chuma karibu na mwili wa msumeno yaegemee mti. Usinyanyue msumeno juu ya bega. Ukikata kwa upande wa chini wa bamba unakuvuta mbele. Ukikata kwa upande wa juu unakusukuma nyuma. Jua kipi kinakuja ujipange miguu.

Kile kigao cha mbele ya mkono wa kushoto, kama wako ni wenye breki ya cheni, ndicho kinachoisimamisha likiruka. Kijaribu kila siku ya kazi: unazunguka bila ya kukata, kisukume mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto, cheni isimame papo hapo. Ikisita, mpelekee fundi.

Tofauti ya wa umeme na wa moto iko hapa. Wa moto unanguruma, watoto wanakimbia wenyewe. Wa umeme ukiachia kitufe uko kimya kabisa, umelala pale unangoja kidole. Mtoto anauona kama chombo kilichozimwa. Hata ukienda tu kusalimiana na mgeni, plagi ichomolewe ukutani. Kwa wenye wa betri, betri itoke na uitie mfukoni.

Mshelisheli wenyewe. Mti ulioanguka na mizizi yake ni mtego, ingawa unaonekana umelala. Ukishaukata shina, lile donge la mizizi na udongo linaweza kusimama tena ghafla lirudi shimoni kwake. Watoto wanapenda kucheza kwenye lile shimo, wafukuze. Anza na matawi membamba kwa panga na msumeno wa mkono. Vijiti vidogo vinavutwa na cheni na kuichomoa njiani. Kisha tazama kila tawi limebanwa upande gani na limevutwa upande gani. Shina lililoegemea ncha zote mbili na katikati kuna uwazi limebanwa juu na limevutwa chini. Ukikata kutoka juu moja kwa moja litaubana msumeno. Kata juu theluthi moja tu, kisha malizia kutoka chini kwenda juu. Shina lililoegemea upande mmoja, upande wa pili unaning'inia, ni kinyume chake: theluthi moja kutoka chini, malizia juu. Uwe na kabari za mti au plastiki uzigongee kwenye mkato kila unapoona unaanza kufunga. Za chuma usitie karibu na cheni. Msumeno ukibanwa, zima, chomoa, panua kwa kabari na nyundo, usiutingishe.

Mti wa mshelisheli ni mwepesi, hautakusumbua kwa ugumu, ila una utomvu. Kwa hilo na mfenesi dawa ni ile ile ya kula fenesi: paka mafuta ya kula kwenye glavu na kwenye bamba kabla. Ukimaliza, vua cheni iloweke kwenye mafuta ya taa na uisugue kwa brashi, mbali na jiko. Mota ipigwe brashi kavu, hasa matundu ya kupitishia hewa, maji isiyaone.

Tawi la mwembe juu ya bati, sikushauri ulikate wewe, na sitakuelekeza namna ya kulikata. Msumeno wa cheni na ngazi havikai pamoja. Watafute wapanda minazi, wafunge kamba, wakate kwa msumeno wa mkono, walishushe kipande kipande. Likishafika chini ndiyo kazi yako. Ikiwa tawi limegusa waya wa umeme unaoingia nyumbani, hata wao wasipande, waite ZECO, shirika la umeme, wakate umeme kwanza. Na miembe ina majimoto. Tawi likianguka, chungu wale wanapanda shingoni kwa mamia, na mtu mwenye cheni inayozunguka mikononi anaanza kujipiga shingo. Acha tawi lilale chini wahame. Utomvu wa mwembe nao unaunguza ngozi za watu wengine, vaa mikono mirefu.

Mavazi hayataki maneno mengi. Kikoi na ndara usifanyie kazi hii, nimewaona, wallahi. Suruali nene isiyopwaya, buti, miwani ya kazi, vizibo vya masikio, glavu zinazoshika. Zile suruali maalumu zenye nyuzi za kuziba cheni ni nzuri, lakini ujue nyingi zimepimwa kwa misumeno ya petroli. Mota ya umeme ina nguvu ya kuendelea kuvuta hata nyuzi zikishaingia. Zivae, usizitegemee.

Aliyeuliza kuhusu minazi: unakatika, lakini nje yake ni mgumu kuliko ndani, na nyuzi zake zinajaa kwenye gia. Noa mara mbili ya kawaida, fungua kifuniko usafishe mara kwa mara, na uipumzishe mota. Kwa mnazi mzima uliosimama mwite mwenye msumeno wa moto na kibali chake.

Mota ikianza kutoa cheche nyingi ndani ya matundu na kukatakata, kaboni zimekwisha. Ni vipande viwili vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya mota, vinabadilishwa vyote pamoja, na kwenye misumeno mingi kuna vifuniko viwili vya skrubu pembeni kwa ajili hiyo. Weka msumeno ndani, si kwenye banda la kuku linalopigwa na upepo wa bahari, cheni ikiwa imepakwa oili na ala yake juu, na chini yake boksi kwa sababu itadondosha.

Huo wako, nadhani cheni imekwisha kwa moto, ukiona meno yamegeuka rangi ya buluu usihangaike kuinoa. Ukienda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe chukua ya zamani mkononi, na kabla ya kwenda hesabu vile vijino vya chini vinavyoingia kwenye mfereji, kwa sababu mabamba mawili ya inchi 16 yanaweza kutaka idadi tofauti. Kwenye bamba karibu na mwili wa msumeno pamegongwa namba za hatua ya cheni na unene wa mfereji, milimita 1.1 au 1.3. Ziandike hapa pamoja na hesabu yako, na useme waya wako umeandikwa milimita ngapi, nikuangalizie kabla hujalipa.